Kizibo Chenye Matundu Mawili

"Hii namba tatu imekufa," Vivian alisema, akairudisha glasi mezani kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. "Mzee Mativo, umetuwekea maji ya kuoshea zabibu?"

Mativo hakucheka. "Onja, andika namba, pitisha kushoto."

Hiyo ndiyo sheria ya chama chetu. Tuko wanne tu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, tunakutana sebuleni kwa Mzee Mativo, Buruburu. Alifanya kazi miaka thelathini katika ghala la vinywaji Industrial Area, na ndiye aliyetufundisha kuonja poti, ule mvinyo mtamu na mzito unaotunzwa miaka mingi kabla ya kunywewa. Anazifunga chupa kwa gazeti na kuzipa namba, kisha zinapita mkono kwa mkono kuelekea kushoto bila kusimama. Hakuna anayejua anakunywa nini mpaka magazeti yatolewe.

Siku ile, nilipoonja namba tatu, mimi nilijua.

"Munene, mbona unatetemeka?" Waringa alininong'oneza. Alikuwa ameketi kulia kwangu, kama kawaida, kwa hiyo kila chupa ilinifikia kutoka mkononi mwake.

"Baridi."

"Baridi ya wapi, na jasho lote hilo?"

Akacheka, akanifuta paji la uso kwa kiganja chake. Ningeweza kufa pale pale.

Moja kati ya chupa nne za siku hiyo ilikuwa ya baba yake. Marehemu Mzee Mbuthia alikuwa mhudumu wa hoteli mjini. Alinunua poti ya mwaka 1997, mwaka aliozaliwa Waringa, na kabla ya kufariki alimwambia binti yake aifungue mbele ya watu wanaojua kuonja. Ilikaa miaka ndani ya kabati la mama yake huko Umoja, chini ya blanketi, hadi mama, ambaye ameokoka, alipochoka nayo.

"Wageni wa maombi wanakuja hapa," alimwambia Waringa. "Toa hiyo pombe nyumbani kwangu."

Waringa akaniletea mimi, chumbani kwangu Kayole.

"Nitunzie," alisema. "Mwezi ujao tutaichanganya na chupa nyingine, tuone nani ataitambua."

"Na atakayeitambua?"

Alinitazama kwa macho yale yanayonifanya nisahau jina langu. "Huyo, baba angemkubali."

Alisema kwa utani, lakini mimi sikulichukulia neno lile kama utani. Nilikuwa nimempenda Waringa mwaka mzima. Nina shahada ya sayansi ya chakula na kibarua cha kupima juisi kiwandani, na kila nikimfikiria Mzee Mbuthia nilimwona ananitazama kuanzia viatu hadi kichwani na kuuliza, "Na huyu?"

Basi wiki tatu kabla ya siku yenyewe, nikaifungua ile chupa. Nilitaka kuijua ladha yake tu, nisije nikakosea. Nilimimina kiasi cha kikombe cha dawa ya kikohozi, nikanywa. Nikarudisha kizibo, nikayeyusha mshumaa mwekundu juu yake, nikaisimamisha kona ya chumba, chini ya mabati. Nilijiambia haitadhurika. Mativo alikuwa ametufundisha kwamba poti ikifunguliwa hukaa wiki nyingi bila kuharibika, na nilikuwa nimeiona yake ikikaa. Asubuhi ya siku yenyewe nikampelekea aifunge gazeti pamoja na zake.

"Haya," Mativo alisema. "Kila mtu ataje namba ya Mzee Mbuthia."

"Moja," Vivian alisema. "Moja ina heshima zake."

"Mbili," Waringa alisema. "Naisikia kabisa. Ni mbili."

Walinigeukia. Nilikusudia kusema moja, nipotee pamoja na Vivian, yaishe. Lakini nilikuwa nimeshaiharibu chupa ya yule mzee; nilishindwa kumkana pia.

"Tatu," nikasema.

Vivian alipasuka kicheko. "Tatu! Wewe shule ulisomea nini?"

Mativo alifungua gazeti la namba tatu polepole. Chupa nyeusi, lebo iliyoliwa na unyevu, imebaki tu na mwaka: 1997.

Kicheko cha Vivian kikakatika.

"Pole, dadangu," Vivian alisema. "Nilisema tu, sikujua."

"Si kosa lako." Waringa aliigusa lebo ya chupa. "Kumbe baba aliuziwa takataka. Miaka yote ile akiipangusa vumbi. Aki, baba."

Kisha akanikumbatia mbele ya wote, machozi yake yakinilowesha shingo.

"Lakini wewe umeitambua," akasema. "Hata ikiwa mbaya hivyo, umeitambua."

Juu ya bega lake nilimwona Mativo akichukua kizibo kutoka kwenye kisahani, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanitazama, akakitia mfukoni.

*

Jumapili, baada ya kanisa, ujumbe wa Waringa uliingia.

"Mama amefurahi. Anasema baba alikuwa mtu wa kuuziwa chochote na yeyote. Miaka yote nilikuwa nambishia. Leo sikuwa na la kusema."

Kabla sijajibu, ukaja mwingine.

"Nimeishusha picha yake ukutani kwa muda. Sitaki mama aiangalie akicheka. Asante kwa kumtambua baba yangu. Nakupenda, sijui kama nimewahi kukuambia."

Hakuwahi. Nilikuwa nimelingoja neno hilo mwaka mzima, na lilipokuja sikuweza kuligusa. Nilianza kuandika "nami pia," nikafuta. Simu ikalia mkononi. Mativo.

"Kijana, kizibo cha poti hufunguliwa mara ngapi?"

"Mara moja, mzee."

"Hiki kina matundu mawili ya kizibuo. Na nta iliyokuwa juu inanukia mshumaa wa dukani." Akakohoa. "Ile chupa ilikuwa na alama nyeupe ubavuni?"

"Ilikuwa nayo. Nilidhani ni rangi ya ukuta. Niliipangusa."

"Ile alama huwekwa na watengenezaji, ujue upande gani ukae juu ikilazwa. Hiyo ni poti ya chupa, Munene. Mimi huwapa ya pipa. Ile ya pipa imezoea hewa, unaweza kuifungua ukaiacha mwezi. Ya chupa imelala gizani miaka yote haijawahi kupumua. Ukiifungua ina siku mbili, labda tatu. Baada ya hapo unazika."

Niliketi kitandani. "Kwa hiyo Mzee Mbuthia hakudanganywa."

"Mbuthia alinunua kitu bora kuliko vyote nilivyonavyo hapa. Nimekaa tangu jana nikingoja useme."

"Utamwambia?"

"Mimi? Mimi nina kizibo tu. Maneno ni yako."

*

Waringa ana duka la kuchapisha karatasi na kupiga picha za pasipoti huko Umoja. Nilifika Jumatatu saa saba mchana, nikamkuta peke yake.

"Niaje, bingwa," alisema akitabasamu. "Umekula?"

"Waringa, baba yako hakuuziwa takataka."

"Wacha tu. Nishaizoea hiyo habari."

"Ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeiua."

Tabasamu lilibaki usoni kidogo, kama taa ya mashine iliyosahauliwa. Nikamweleza yote bila kupumzika: kikombe cha dawa, mshumaa, mabati, alama nyeupe. Sikusema tu kwamba nilikuwa sijui. Nilisema nilikuwa sijui na sikuuliza.

"Sasa madam, nataka kutoa kopi ya kitambulisho," mteja alisema mlangoni.

"Mbele na nyuma?" Waringa aliuliza, macho yakiwa kwangu.

"Mbele na nyuma."

Alitoa kopi. Mteja alipoondoka, akaufunga mlango nusu.

"Kwa hiyo uliposema tatu..."

"Nilijua kwa sababu ni mimi niliyeiharibu."

"Na nilipokukumbatia?"

"Nilinyamaza."

"Na jana nilipokuandikia?"

"Nilinyamaza."

"Nimemshusha babangu ukutani, Munene!" Sauti ilimvunjika sasa. "Kwa ajili yako! Ulishindwa nini kunitumia hata maneno mawili? Mama amecheka hadi akashika mbavu, na wewe unajua, umekaa Kayole na simu yako!"

"Nilitaka baba yako anikubali."

"Baba amekufa! Wa kukukubali nilikuwa mimi!"

Nilipiga hatua moja kumwelekea.

"Nenda," akasema.

Nilifika mlangoni.

"Ngoja." Alikuwa amenipa mgongo, anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa. "Siku ile ulipoifungua. Ilikuwaje?"

"Waringa..."

"Hakuna mtu mwingine duniani aliyeionja ikiwa hai. Mama hakuionja. Baba mwenyewe hakuionja. Ni wewe tu. Kwa hiyo utaniambia, na usinipambie."

Nikajaribu. Nilimwambia ilikuwa nyeusi hadi katikati, na ukingoni nyekundu kama tofali. Kwamba ilinukia zambarau zilizokaa juani, na kitu kama pilipili manga, na mbali kabisa ngozi ya viatu vilivyopigwa rangi. Kwamba nilipoimeza ilikaa kifuani, na nilipoosha kikombe asubuhi harufu bado ilikuwamo.

"Viatu," Waringa alisema. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. "Alikuwa akipiga viatu vyake rangi kila asubuhi saa kumi na moja. Nilikuwa naamshwa na ile harufu."

Nilitaka kumshika. Sikuthubutu.

"Utamwambia mama," alisema. "Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Kisha utawaambia Vivian na mzee. Ukimaliza, siahidi kitu."

*

Nilimwambia mama yake nyumbani kwao jioni hiyo hiyo, nikiwa nimesimama chini ya msumari mtupu ukutani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ilikuwa nzuri?" aliuliza.

"Ilikuwa nzuri sana, mama."

Aliutazama ule msumari. "Mbuthia alikuwa akiniambia. Sikuwa namsikiliza." Kisha akaenda chumbani, akarudi na picha, akaitundika mwenyewe.

Waringa hakunipigia simu wiki zote zilizofuata. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilikwenda Buruburu nikiwa nimekonda. Yeye alikuwa amekwisha kufika, ameketi upande wa pili wa meza, kati ya Vivian na ukuta. Nilisimama nikasema yote. Mativo akatoa kizibo mfukoni, akakiweka katikati ya meza.

"Mimi niliita chupa ya marehemu maji ya kuoshea zabibu," Vivian alisema, akanitazama kwa hasira. "Munene, ningekuwa Waringa ningekupiga na hiyo chupa."

"Nilifikiria," Waringa alisema.

Mativo akafungua chupa ya siku hiyo, akajimiminia, akampa Vivian, naye akajimiminia. Nilingoja ianze safari yake, nikijua itanifikia mimi mwisho, ikiwa imebaki machicha.

Waringa akainuka. Alivuta kiti chake kikikwaruza sakafu, akazunguka meza, akakiweka kulia kwangu. Akaichukua chupa kutoka kwa Vivian, akajimiminia, akaishika mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu na bado yana hasira.

Mikono yangu ilikataa kuinuka.

"Pokea, Munene," akasema. "Chupa haisimami."