Babu wa Jumatano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Emiliana alifagia uwanja, akachota ndoo mbili za maji, kisha akamsaidia mama yake kupanga maandazi kwenye ndoo yenye mfuniko. Mama yake, Restuta, aliyauza pamoja na chai kwa mafundi na wafanyakazi wa ofisi za Mtumba, mji wa serikali. Wawili hao walipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba vitatu, si mbali na huko. Wizara zilipohamia Dodoma, pango lilipanda, likapanda tena, na mwenye nyumba akataka alipwe miezi sita kwa mkupuo. Wapangaji wengine walishindwa wakahama. Restuta aliuza mbuzi wake wote wanne aliokuwa amewaacha kijijini, akalipa.

Jumapili moja jioni mwenye nyumba, Mzee Methusela, alifika na pikapu. Yeye aliishi Area D, kwenye nyumba kubwa yenye geti. Siku hiyo alishusha kitanda, koti na picha yake ya ukutani, akaviingiza katika chumba cha mbele, kilichokuwa wazi. Mama na mwana walimtazama wasielewe kitu.

"Shikamoo, mzee," alisema Emiliana.

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu, na Emiliana akashtuka, maana hakuwahi kumwita hivyo.

Mzee alikaa akaeleza. Alikuwa anaiuza nyumba. Mtu akiuza nyumba kwa faida, alisema, serikali huchukua sehemu ya faida hiyo kama kodi. Lakini nyumba ikiwa ni ya kuishi mwenyewe, huenda akasamehewa. "Jumatano atakuja afisa wa kodi na mwenyekiti wa mtaa. Kwa hiyo mimi naishi hapa. Restuta, wewe ni binti yangu. Huyu ni mjukuu wangu. Na ule mkataba wa upangaji nipe nikutunzie."

"Lakini mzee, miezi minne yangu bado haijaisha," alisema Restuta.

"Mkiharibu mambo yangu, mtalala nje Jumatano hiyohiyo. Maskini anajifanya mkweli ili iweje? Ukweli ni wa watu wenye kwao."

Restuta alifungua sanduku, akautoa mkataba, akampa kwa mikono miwili. Pikapu ilipoondoka, Emiliana alimuuliza mama yake kwa nini ameutoa.

"Mwenye nguvu mpishe, mwanangu. Dodoma hii ya sasa, chumba utakipata wapi?"

Kuanzia hapo Emiliana hakuwa na raha. Jumatatu na Jumanne mzee alikuja kumfundisha: babu analala chumba cha mbele, babu anapenda ugali wa uwele na mlenda, babu ameishi hapa tangu wewe ni mdogo. Alimrudisha mwanzo kila alipokosea. Shuleni mwalimu alimuuliza jambo dogo la hesabu, naye akajibu habari za babu na uwele. Kila alipofumba macho aliliona godoro lao limetupwa kando ya barabara, linapigwa na vumbi, na mama amekaa juu yake na ndoo ya maandazi. Alikuwa ameshawaona majirani wakitolewa hivyo, na alijua haikuwa ndoto tu.

Jumatano ilifika. Kwa amri ya mzee, Restuta hakwenda kuuza wala Emiliana hakwenda shule. Mzee Methusela aliwahi asubuhi, akavaa fulana na kandambili ili aonekane yuko kwake. Kwa bahati mbaya kandambili zilikuwa mpya kabisa, na karatasi ya bei bado imenata kwenye soli. Saa nne wageni waliingia: dada mmoja mwenye faili, ambaye ndiye afisa, na Bi. Mwantum, mwenyekiti wa mtaa aliyechaguliwa si zamani.

Afisa alitembezwa vyumbani, akaandika. Kisha akamgeukia Restuta. "Mama, wewe unamlipa pango mzee huyu?"

Restuta alitazama chini. "Silipi kitu. Ni baba yangu."

Maneno hayo yalimchoma Emiliana. Aliwakumbuka wale mbuzi wanne. Kama mama hakulipa, basi wao si wapangaji. Na kama si wapangaji, mzee akiwatoa kesho watamlalamikia nani? Hapo ndipo alipoogopa kuliko siku zote, maana aliona kwamba uongo waliotegemea kuwalinda ndio ungewatoa nje.

"Na wewe, binti," afisa alimuuliza, "huyu ni babu yako?"

Mzee alimkazia macho. Emiliana alimgeukia afisa.

"Hapana. Ni mwenye nyumba wetu. Mama alilipa miezi sita, aliuza mbuzi wanne. Mkataba mzee ameuchukua."

"Mtoto huyu ana homa tangu jana," alisema mzee huku akicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Homa gani hiyo inayokumbuka idadi ya mbuzi?" alisema Bi. Mwantum. "Na kandambili zako, mzee, umezinunua leo?"

Afisa alifunga faili. "Naomba huo mkataba. Bahati yako hujatia sahihi maelezo haya. Ungetia, tungezungumza mengine."

Mzee Methusela alikwenda kwenye pikapu, akarudi nao, akaketi mzito. Kisha akaeleza kwamba alikulia katika njaa, kwamba mwaka mmoja uwele ulikauka wote na baba yake akauza hata jembe. Tangu hapo aliuogopa umaskini kuliko kifo, na alipoisikia habari ya kodi aliona anarudishwa kulekule.

"Pole, mzee," alisema Bi. Mwantum. "Lakini uliponunua hapa palikuwa pori. Thamani haikupanda kwa jasho lako peke yako. Imepandishwa na barabara na maji, na hivyo vimejengwa kwa kodi za watu, hata za mama huyu anaponunua sukari ya chai yake. Wewe unarudisha sehemu tu, na faida inakubakia. Njaa uliyoijua ingekufundisha kumhurumia maskini, wewe ukaona ni mtu wa kununuliwa ulimi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni."

Basi wakapatana mbele ya wote. Mzee angelipa kodi kama wauzaji wengine. Restuta alirudishiwa mkataba wake, na nakala ikawekwa ofisi ya mtaa. Mnunuzi angearifiwa kwa maandishi kwamba mpangaji yumo hadi miezi yake minne iishe, na Bi. Mwantum aliahidi kumsaidia kutafuta chumba kingine mapema.

Walipobaki wawili, Emiliana alikaa kizingitini. "Mama, umenikasirikia?"

"Uliogopa?" mama alimuuliza badala ya kumjibu.

"Sana. Hata sasa bado naogopa."

Restuta alikaa karibu naye, akamshika mikono. "Na mimi niliogopa. Lakini woga wako umekuacha useme kweli, wangu umenifanya nimkane marehemu baba yangu. Amelala Mpwapwa, hakuwa na nyumba ya bati wala hakuwahi kumdanganya mtu, na leo nimemwita mtu mwingine baba kwa ajili ya chumba. Nisamehe, mwanangu. Umaskini si aibu, wala haumpi mtu ruhusa ya kusema uongo. Chumba tutatafuta kingine. Baba hatafutwi mwingine."