Kuni za Kabange

Haya yalitokea Anderlecht, huku Bruxelles, Ubelgiji, nyumba ya pili kutoka kwangu, Desemba ile ya mwaka elfu mbili na kumi theluji ilipokataa kuyeyuka. Donatien mwenyewe ndiye aliyenisimulia, chai ikipoa mbele yake. Anayetaka kubisha abishe, lakini anisikilize kwanza mpaka mwisho.

Siku ilianza vizuri tu. Donatien, fundi wa shofaji, yaani mitambo ya kupasha nyumba joto, alifika kwa dada yake Lucienne na mabomba ya bati begani. Akanywa chai, akamtania mpwa wake Kyungu, binti wa miaka saba, kwamba shanga za bluu alizosukiwa kwenye nywele zinasikika mpaka stesheni ya metro. Mtoto akacheka, akakohoa. Kifua kilikuwa kinamsumbua, na nyumba ilikuwa baridi kama bucha.

Mashine ya gesi ilikuwa chumba cha chini, mali ya mwenye nyumba, ya zamani lakini nzima. Kilichooza ni mabomba. Mengine yalikuwa ya kupeleka hewa ya moto vyumbani. Moja lilikuwa la kutoa moshi, likatoboa ukuta na kutokea uani. Hilo la moshi Donatien hakulifanyia mzaha hata kidogo. Alilifunga likipanda, akalitenga na mbao za dari, akaziba viungo na kuvipapasa kimoja kimoja. Moshi wa gesi hauna rangi wala harufu. Ukirudi ndani, watu hulala wasiamke.

Ikabaki kengele ya kunusa moshi huo, nayo aliisahau. Akavaa koti aende kuinunua.

"Yaya," alimwambia dada yake, "musiwashe kintu mpaka nirudie."

Aliporudi ilikuwa alasiri, na giza la Desemba limeshaingia. Lucienne alimfungulia mlango. Viatu vyake vilikuwa vimelowa theluji. Donatien aliviona, asiulize.

Hapa lazima niwaambie jambo. Kyungu alizaliwa pacha. Mwenzake, Kabange, alibaki Likasi, kwao Kongo, kaburini, akiwa na miaka mitatu. Ila kwao hawasemi pacha amekufa, thubutu! Husema amekwenda kuokota kuni. Na kila anachonunuliwa aliyebaki, aliyekwenda naye hununuliwa: nguo mbili, sahani mbili. Lucienne alipofika Ulaya akaachana na hayo. Kitanda kimoja, koti moja. Donatien alimwonya mara nyingi, naye akawa anajibu, "Huku ni Bruxelles, bwana."

Basi, Donatien akatundika kengele, akashuka, akawasha mashine.

Moto ukashika. Ukazimika.

Akawasha tena. Ukazimika tena. Akakagua gesi: inakuja. Akakagua viungo: vizima. Mdomo wa bomba kule uani hakwenda kuutazama, kwa kuwa asubuhi ulikuwa safi, na fundi hupenda kuamini kazi yake mwenyewe.

Juu, Kyungu alikohoa mpaka akatapika.

"Donatien!" Lucienne alimsihi kwa kunong'ona kutoka ngazini. "Mutoto anatetemeka. Fanya ikamate tu, je t'en prie."

Mashine ile ina kitufe cha usalama. Fundi mpumbavu hukikaza kwa waya, gesi ipite kwa nguvu. Donatien hakuwahi kufanya ujinga huo maishani. Siku hiyo alichukua waya.

Akainamia kidirisha cha kioo, akawasha.

Moto ukashika. Kioo kikaingia ukungu, kwa ndani. Katikati ya ukungu pakatokea mdomo. Mdogo. Umejikunja, kama wa mtoto anayepuliza mshumaa.

Fuu.

Giza.

Waya ukamdondoka. Hakuthubutu kugeuka. Kisha ndani ya bomba jipya, karibu na sikio lake, kitu kikakwaruza bati polepole.

"Tonton." Sauti ya mtoto, ikimwita mjomba. "Maman alifunga mulango."

Donatien alipanda ngazi kwa mikono na miguu, akakimbilia uani. Mdomo wa bomba la moshi ulikuwa umeshindiliwa kitenge. Alikijua. Ndicho Lucienne alichowabebea mapacha mgongoni.

"Ni wewe?"

Lucienne aliitikia kwa kichwa, akalionyesha bomba. "Nilisikia sauti mu tuyau. Anaita dada yake. 'Kyungu, kuya. Kuya.' Alors nikafunga, asipate njia."

Donatien akakaa chini palepale kwenye theluji. Moto ule ungeshika, moshi wote ungewarudia. Kengele ni kengele tu, nayo hukosea. Pengine wangepatikana asubuhi wote watatu, wamelala vizuri.

Akakichomoa kitenge, akakitundika ngazini. Safari hii moto uliwaka kwa jaribio la kwanza na haukuzimika. Vyumba vikapata joto, Kyungu akalala bila kukohoa. Lucienne akalia kwa sauti. "Amemulinda mwenzake! Mutoto yangu amemulinda mwenzake, na mi nilimufungia inje!"

Donatien akaenda kwake akiwa na furaha. Ndivyo alivyoniambia: na furaha.

Asubuhi alirudi kukagua. Kitenge hakikuwa ngazini. Mbele ya mashine palikuwa na mzigo mdogo wa kuni, zimefungwa kwa gome la mti, na mti wenyewe si wa huku. Juu ya kuni palikuwa na kata mbili za kujitwisha mzigo kichwani, zimesokotwa kwa kile kitenge kilichochanwa katikati.

Moja ilikuwa nyeusi kwa masizi. Nyingine ilikuwa safi, na ndani ya mkunjo wake ilinasa shanga ya bluu.

Juu, Kyungu aliamka. "Maman," aliita, "shingo inaniuma."

Lucienne alinunua koti la pili siku hiyohiyo, jekundu, saizi ileile. Akalitundika kando ya la Kyungu, akafunga mlango kwa ufunguo, ufunguo akautia kifuani. Mtoto alishinda kitandani, mama yake kamshika mkono, na hakuna aliyetoka tena.

Jioni makoti yote mawili yalikuwa yamelowa theluji.