Saa Moja na Nusu Hadi Salala

Hewa iliyotoka juu ya viti ilikuwa baridi, lakini ilinuka mchanga uliochomwa na jua. Muzna, mhudumu wa ndege, aliinusa tena, akajiambia ni uchovu tu. Kutoka Maskati hadi Salala ni saa moja na nusu angani. Njia hiyo aliijua kama njia ya jikoni kwao.

Kwenye viti vya nyuma kabisa walikaa mzee Suhail na bintiye Tuful, mtoto ambaye meno yake ya mbele yalikuwa bado yanaota.

"Madaktari wameshindwa," mzee alinong'ona. "Tangu tulipopiga kambi jangwani, ana mgeni ndani, jini. Tukifika, ndugu zangu watamsomea."

"Utapona, mwanangu," Muzna akasema, akimpa maji.

Tuful akamkodolea macho. Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya mtu mzima. "Saa moja na nusu? Mimi hufika kabla hujameza mate."

Muzna alirudi nyuma. Nje ya dirisha, chini kabisa, kilipita kilima cha mchanga kilichopinda kama mundu. Baada ya kitambo kikapita tena. Kisha tena.

Saa moja na nusu ikaisha. Rubani akampigia simu ya ndani, sauti chini. "Dada, waambie wafunge mikanda. Mashine zinaonyesha tunakwenda, lakini masafa hayapungui. Na mafuta yana mwisho."

Muzna akapita katikati ya viti akigusa mabega ya watu na kutabasamu kwa midomo iliyokauka, huku watoto wakilia na mabibi wakivuta tasbihi, na ile harufu ikizidi hadi akahisi chembe za mchanga chini ya ulimi, na kila alipochungulia nje kile kilima kilikuwa palepale kikimsubiri, mpaka akafika nyuma na kumkuta mzee amemkumbatia bintiye, machozi yakimtiririka ndevuni.

"Muulize anataka nini," Muzna alinong'ona.

Mtoto akacheka kwa sauti ile nzito. "Nataka nafasi. Mwili huu unanibana kama kiatu cha kitoto."

"Basi njoo kwangu," mzee akasema. "Mwachie mwanangu."

"Mzee, nakuomba, usimwambie hivyo!" Muzna akamsihi.

Neno likishatoka halirudi. Harufu ikakatika ghafla. Ndege ikatumbukia mawinguni, na chini ikatokea Salala, kijani kitupu, manyunyu yakipiga madirisha. Abiria wakapiga makofi, wakamshukuru Mungu.

Tuful alikuwa analia kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. Alijitoa mikononi mwa mzee, akamkimbilia Muzna na kung'ang'ania sketi yake.

"Dada, usinipe kwake. Huyo si baba."

Mzee Suhail alisimama, akajinyoosha, akautazama upana wa mabega yake kama mtu anayejaribu kanzu mpya. Machozi yalikuwa yamemkauka ndevuni. Akamtabasamia Muzna.

Mlangoni mwa uwanja, Tuful akiwa bado amemng'ang'ania Muzna, mama yake aliwapokea kwa vigelegele. Mtoto akapiga ukelele, akamshika Muzna kwa kucha.

"Mama, msikilize," Muzna alisema. "Mtoto amepona. Ni mzee ndiye..."

"Ndiye nini?" mzee akauliza kwa upole.

Mama akamtazama mumewe, akamtazama mtoto anayejirusha na kutoa povu kwa kilio.

"Maskini, bado anaye," akasema. Akamwachanisha Tuful na Muzna, kidole kimoja kimoja, akauweka ule mkono mdogo kiganjani mwa mumewe. "Mshike vizuri, baba Tuful. Asikuponyoke."