Matete ya Wifi

Kila asubuhi mama mmoja dobi aliloweka shuka nyuma ya nyumba yake. Mtaani walimwita Mapovu, kwa sababu alipofua, mapovu yalimfika viwikoni. Akimaliza alimwaga maji machafu pale pale uani. Maji yalituama karibu na kamba ya kuanikia, yakanuka.

Upande wa pili wa ukuta aliishi wifi yake, dada wa mumewe. Naye alikuwa dobi. Lakini kwake hapakuwa na dimbwi. Palikuwa na matete mabichi yaliyosimama juu ya kokoto, wala hapakunuka.

Mapovu aliyaona matete yale kila siku, na kila siku roho ilimuuma.

"Mbona yeye tu?" alimwuliza mumewe. "Wageni wa ng'ambo na watu wa manispaa wamemjengea yeye. Mimi sina pua?"

"Mlialikwa nyote kwenye mkutano wa kusafisha maji machafu," alijibu mume. "Wewe ulisema huna muda wa porojo."

"Haya, mtetee dada yako!"

Mume aliinamia kikombe chake cha chai. Chai haigombi na mtu.

Kijicho kina macho makali. Mapovu angeweza kukuambia tete lipi la wifi limechipua jana. Dimbwi lake mwenyewe hakuliona.

Siku moja mwenye nyumba ya wageni alimrudishia furushi la shuka.

"Mama, zinanuka tope," alisema. "Nakupa nafasi ya mwisho. Zikinuka tena, kazi nampa wifi yako."

Kukosa kazi ni jambo moja. Kukosa kazi kisha aipate wifi? Thubutu! Mapovu alikwenda mtoni, akang'oa mzigo mzima wa matete, akayapanda katikati ya dimbwi. Alihakikisha ni mengi kuliko ya wifi.

"Sasa tuone nani ana matete," alisema.

Maji hayakujali. Yaliendelea kutuama kati ya mashina. Mbu walizaliana humo. Majani yakawa ya njano, na harufu ikazidi.

Wifi alichungulia juu ya ukuta. Mapovu alingoja kuchekwa. Wifi hakucheka. Alikwenda kumwita mtaalamu wa maji wa manispaa, mwanamke ambaye watu walimwita Bi Kokoto.

"Nani alikufundisha hivi?" Bi Kokoto aliuliza.

"Macho yangu," alijibu Mapovu.

"Macho yako yameona majani, mama. Kazi yenyewe iko chini. Kwanza maji yanaingia kwenye tangi dogo, nyuzi na uchafu mzito vinatulia humo. Kisha yanapita polepole ndani ya kokoto na mchanga. Chini tunatandika plastiki nene ili yasivuje. Kwenye kokoto na mizizi wanaishi vijidudu wadogo mno. Hao ndio wanaokula uchafu. Na kwa kuwa maji hayatokezi juu, mbu hana pa kutagia."

Bi Kokoto alinusa beseni. "Dawa ya madoa unaimwaga wapi?"

"Humu humu."

"Basi unawaua wafanyakazi wako. Tumia kidogo sana, na usiimwage humu ikiwa kali."

"Na haya yote mmefundishwa na wale wageni?"

"Tumefundishana. Wao walileta vipimo na uzoefu wa kwao. Lakini mimea waliyoichagua ilikauka kwa jua letu. Sisi tukawapeleka mtoni, tukawaonyesha matete."

Mapovu alimgeukia wifi yake. Maneno yalimtoka kwa shida.

"Wifi, nilikuonea wivu."

"Nilijua. Ulikuwa ukinisalimia kama unatema mbegu. Hizo shuka za nyumba ya wageni njoo uzianike kwangu, mpaka tumalize ujenzi. Haya, shika koleo."

Mume naye alishika koleo. Walichimba, wakatandika plastiki, wakabeba kokoto. Bi Kokoto alisimamia kila hatua. Mapovu alipanda matete mapya, safari hii machache, kwa nafasi. Yaliposhika mizizi, maji yalitoka upande wa chini yakiwa maangavu. Hayakuwa ya kunywa, lakini yalifaa kumwagilia miti. Harufu ilikwisha. Mwenye nyumba ya wageni alinusa shuka, akaleta furushi jingine.

Kisha wageni wa ng'ambo walirudi kutazama. Mmoja wao alisema, na Bi Kokoto akatafsiri: "Siku hizi hata kwetu maji yanapungua. Tunataka kujifunza kwenu. Nani atatueleza?"

"Mimi!" Mapovu aliruka.

Alieleza tangi, akaeleza kokoto, akaeleza mpaka vijidudu. Wageni walipiga makofi, wakampiga picha kando ya matete yake. Mapovu alitabasamu kwa meno yote.

Hapo ndipo alipomwona wifi yake. Alikuwa amesimama peke yake ukutani, midomo ameibana, anatazama pembeni. Mapovu aliujua uso ule vizuri sana. Aliuvaa yeye mwenyewe mwaka mzima.

Alikwenda akamshika mkono, akamvuta mpaka mbele ya kamera.

"Ile picha ifuteni," aliwaambia wageni. "Pigeni nyingine. Huyu ndiye aliyeanza."