Glasi ya Maji Ukweni

"Dada, chungwa zima unaliacha, ganda unalibeba?"

Soko lilikuwa limefurika, watu wanakanyagana visigino. Binti mwenye gauni la kijani, miwani imemtelemkia puani, alikuwa amechuchumaa kando ya kibanda cha juisi akijaza maganda kwenye mfuko. Mkamuaji, kijana mrefu mwenye aproni iliyolowa hadi kifuani, alimkodolea macho.

"Naenda kuyapika," binti akajibu bila kuinua uso.

"Kwani kwenu chakula kimekwisha?"

"Napika mwanga."

Wateja wakaangua kicheko. Mkamuaji naye akacheka, lakini kesho yake alimwekea maganda safi, yameoshwa, kwenye ndoo yenye kifuniko. Mapenzi huanza popote. Haya yalianzia jalalani.

Binti alikuwa mtaalamu wa maabara ya kupima maji. Maganda aliyakausha, akayasaga, akayatia na maji matupu ndani ya chombo cha chuma kinachofungwa kabisa, kisha akakiacha ndani ya oveni kwa saa nyingi. Hakukuwa na kemikali kali wala moshi wa kukohoza mtu. Kilichotoka, baada ya kuchujwa, kilifanana na chai ya rangi. Ndani yake mlikuwa na punje za kaboni ndogo mno, wenyewe wanaziita nukta za kwanta. Ukizimulika kwa tochi ya zambarau zinawaka buluu ya kukufanya ushike mdomo. Na alikuwa ameziandaa hivi kwamba zikikutana na madini ya risasi, zinafifia.

"Bibie wa Maganda, umelala?" Mkamuaji alikuwa akipiga simu kila jioni.

"Nimelala. Huyu anayeongea ni mzuka."

"Basi mwambie mzuka nampenda."

"Mzuka anasema uende ukaoge, unanuka ndimu hadi kwenye simu."

Siku moja alimfuata maabara, shati jeupe limenyooshwa, mkononi chupa ya maji. "Haya ni ya kisima chetu. Marehemu baba alikichimba kwa mikono yake. Hebu yatie humo, niyaone yakiwaka."

Binti akamimina kidogo, akawasha tochi. Ule mwanga ukanywea kama mtu aliyeambiwa habari mbaya.

"Mbona umezimika?"

"Labda kutu ya ndoo," binti alisema, akamwona anatabasamu, akatabasamu naye.

Alipobaki peke yake alirudia kipimo, safari hii akiiondoa kwanza kutu yote kwenye maji. Mwanga ukazimika vilevile. Ilikuwa risasi, sumu inayomdhuru hata mtoto aliye tumboni. Nyuma ya ukuta wa kina Mkamuaji palikuwa na karakana ya kuvunja betri kuukuu, tindikali yake yenye risasi inamwagwa chini. Binti akashika simu ampigie, ikalia mkononi mwake.

"Kipenzi, Jumapili mama anataka kukuona. Dada yangu naye amekuja kujifungulia nyumbani. Utakuja?"

Maneno yalikuwa yamefika ulimini. Akayameza. "Nitakuja." Alijiambia atasema wakiwa ana kwa ana.

Jumapili alivaa gauni la samawati na viatu vilivyombana. Sebule ilikuwa ndogo, inang'aa kwa kudekiwa. Mama mtu alikuja na sinia, juu yake glasi moja iliyofutwa vizuri.

"Kunywa, mwanangu. Humu ndani mume wangu bado anatunywesha."

Wote walikuwa wanamtazama. Angesema nini? Akanywa.

"Wifi ana kiu kweli!" dada mtu akacheka, mkono juu ya tumbo lake kubwa. "Mwongezeeni, na mimi nipeni." Wakanywa pamoja, glasi kwa glasi.

Getini ndipo alipomshika Mkamuaji mkono, akamweleza yote.

Mkamuaji alicheka, halafu akaacha kucheka. "Umekunywa glasi mbili."

"Niliona aibu."

"Mtu hanywi sumu kwa aibu."

"Mimi nimekunywa. Mpenzi, sikiliza, dada yako asiyaguse tena."

Mkamuaji alipoyapeleka maneno hayo ndani, mama yake alisonya. "Ameona nyumba duni, anatafuta mlango wa kutokea. Yangekuwa na sumu angekunywa yeye, msomi?" Hoja hiyo haikupingika. Wakaendelea kunywa.

Binti akapiga simu, haikupokelewa. Ilipopokelewa, Mkamuaji alimwambia, "Ukiwa kwetu ni maji, ukitoka ni sumu? Tuache." Akaenda ofisi ya maji, akaambiwa asubiri foleni ya wakaguzi. Walipokuja kukifunga kisima, dada mtu alikuwa tayari hospitali. Mtoto alikuja kabla ya wakati wake, mdogo kama kiganja na nusu, akaondoka hata jina hajapewa. Damu ya mama yake ilikutwa na risasi. Daktari akasema huenda ndiyo sababu, huenda siyo. Hakuna atakayejua.

Mkamuaji alikuja kumsubiri nje ya maabara, ndevu hazijanyolewa. Binti alipomwona alimkimbilia, wakakumbatiana katikati ya watu wanaotoka kazini, wakalia bila kujali nani anatazama.

"Nisamehe," binti akasema.

"Nimeshakusamehe. Nisamehe na mimi."

"Nimekusamehe."

Wakasimama. Ingekuwa imekwisha hapo, wangekwenda nyumbani.

"Ungeikataa ile glasi," Mkamuaji akasema polepole, "mama angekuchukia."

"Angenichukia."

"Lakini dada angeshtuka, asingekunywa."

"Ndiyo."

"Na mimi uliniambia palepale getini. Nikakucheka." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Kila nikikutazama nitajiuliza ni nani kati yetu mwenye kosa. Nikisema ni wewe, nitakuchukia. Nikisema ni mimi, nitakuchukia vilevile, kwa kuwa unajua."

"Tunaweza kujaribu."

"Dada yangu hali, halali. Nitakuingiza vipi mle ndani ukae mbele yake?"

Binti alimnyooshea kola iliyojikunja, kama alivyozoea, na mkono wake ukachelewa kutoka.

"Mpenzi..."

"Usiniite hivyo. Ukiniita tena nitageuka, halafu tutaharibikiwa wote."

Akaenda, akipenya katikati ya watu, urefu wake ukimfanya aonekane hata kwa mbali. Palikuwa na muda mrefu wa kumwita. Binti alisimama mpaka kichwa kile kikapotea, na hakumwita.