Sisimizi kwenye Mpira wa Kiyoyozi

Soko la Ifakara lilikuwa limefurika wanunuzi wa mchele siku Gosbert alipopita na bomba la shaba begani, likanasa kilemba chekundu cha Dativa na kukivuta chini.

"Kaka, hilo bomba lako halina macho?" Dativa aliuliza, akiikumbatia trei yake ya mayai.

"Nisamehe, dada. Mimi fundi viyoyozi. Chako kikisumbua, niite."

Kumbe kilikuwa kinasumbua kweli. Dativa alikuwa mpika keki za harusi nyumbani kwake Mlabani, na joto la bonde hili halina huruma na krimu. Gosbert alikuja na shati lake la buluu lililonyooshwa vizuri, akaosha chujio, akaongeza gesi. Chumba kikapoa.

Kupona kwa kiyoyozi ndiko kukawa taabu. Sasa Gosbert angeitwa kwa sababu gani? Dativa, mwanakwaya na binti wa watu wa sala, alizunguka nyuma ya nyumba, akaziba mpira wa kutolea maji kwa donge la sukari ya kupambia keki. Maji yakarudi ndani, yakachuruzika ukutani. Akapiga simu.

"Fundi, kinalia."

"Kinamlilia nani?"

"Njoo ukiulize mwenyewe."

Gosbert aliinama kwenye mpira. Sisimizi walikuwa wamejipanga ukutani kama waumini. Akauzibua. "Vumbi tu," alisema bila kumtazama. Wakanywa chai, wakacheka. Mpira ukaziba tena, naye akaja tena.

Halafu ghafla Gosbert akaacha kupokea simu.

Jirani wa Dativa, Aneth, ndiye aliyemfumbua macho. "Nimekulipizia, shoga. Mzee Amedeus alitaka kumpa yule fundi wako viyoyozi vyote vya gesti yake mpya. Nikamwambia, cha Dativa kinavuja kila akikigusa. Amechukua mwingine kutoka Morogoro."

Jumapili Dativa aliimba na kwaya, lakini wenzake walipokwenda kupokea komunyo, alibaki ameketi na kosa lake. Baada ya misa alienda moja kwa moja gesti.

"Shikamoo, mzee. Gosbert hana kosa. Kiyoyozi nilikiharibu mimi, ili aje."

"Marahaba." Mzee Amedeus alitikisa kichwa. "Mwenzake ameshaanza kazi, mwanangu. Umechelewa."

Alimkuta Gosbert kibarazani kwake, amechuchumaa mbele ya friji bovu la muuza soda. Akamweleza yote akiwa amesimama, kilemba kikimlegea.

"Nilijua," Gosbert alisema. "Sisimizi hawafuati vumbi, Dativa."

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

"Ningesema, ungeona aibu, usingeniita tena. Ila niliposikia jina langu linachafuliwa mjini, nikadhani ni wewe. Nikaona ulikuwa unanichezea."

"Sikumwambia mtu. Lakini chanzo ni mimi. Kazi ile siwezi kukurudishia."

"Huwezi," alisema, wala hakulilainisha neno. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Jumapili ijayo nitakuja na shangazi yangu kuzungumza na wazazi wako. Mkoba wa vifaa nitauacha hapa."

Dativa alijifuta macho kwa ncha ya kilemba. Moyo ulikuwa bado mzito. Alijua ungebaki hivyo kwa muda, na aliona ni haki yake.

"Na kikivuja?"

"Tutaweka ndoo," Gosbert akasema, "tuendelee kuongea."