Nani Kachukua Fuwele za Odile?

Jumatano, tarehe 17 Mei 1944, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Odile, mtuma ujumbe wa redio wa wapiganaji wa siri wa Ufaransa, alipanda darini kwa mama Eulalie, akafunua redio yake na kukuta fuwele zote mbili hazipo. Zilikuwa ndogo za kutoshea kiganjani, lakini ndizo zilizoipa redio masafa ya kutumia; bila hizo ni sanduku tu. Saa saba mchana London ingemsubiri athibitishe uwanja wa kudondoshea silaha. Akikosa, ndege haziji, na Jumamosi daraja la reli halivunjwi.

Jambo moja lilimsumbua. Mwizi alikuwa ameifunika redio tena, na pembe za kitambaa amezikunja vizuri.

Anselme, kamanda wa wapiganaji hao mlimani pale na mtoto pekee aliyebaki wa Eulalie, hakupoteza muda kufikiri. Kufikia saa mbili Aloïs alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya zizi. Aloïs ndiye aliyezungusha jenereta ya redio, na Odile ndiye aliyemleta kundini akamdhamini. Kosa lake kubwa lilikuwa kuzaliwa Alsasi, mpakani na Ujerumani, na kukua akisema Kijerumani. Mfukoni mwake walikuta barua ya Kijerumani, basi, kesi ikaisha. Atapigwa risasi saa sita. Mama yake Anselme aliambiwa kwamba wanamfukuza tu, asije akajaa huzuni.

Odile alikwenda zizini.

"Jana saa tatu usiku, nilipokwisha kufunika redio, ulikuwa wapi?"

"Lindoni, njia panda. Peke yangu, bahati mbaya."

"Na barua?"

"Ya mama. Ananiuliza kama navaa soksi za sufu. Soma, dada, wewe unakijua."

Odile aliisoma yote. Ilikuwa soksi tupu, ukurasa mzima.

Akamfuata Anselme. Akamweleza kwamba mtu wa Wajerumani asingegusa kitu. Angewaacha watume, kisha askari wayafuate mawimbi ya redio hadi mlangoni.

"Mwizi huyu hataki tukamatwe. Anataka tusitume."

"Nani, sasa? Darini tunapanda watatu tu, mimi, wewe na huyo."

Alihesabu kama wanavyohesabu wanaume wengi. Mama yake, mwenye nyumba, hakumtia hesabuni.

Saa nne Odile alishuka kwenye ghala la chini, penye jibini zilizolala juu ya mabua. Kila asubuhi yeye, aliyejifanya mtumishi wa shamba, na Eulalie walizigeuza na kuzipangusa kwa maji ya chumvi. Leo bibi alimwambia akahangaike na mambo yake, kazi ile ataimaliza peke yake. Odile alipitisha mkono rafu hadi rafu. Zote zilikuwa na unyevu, isipokuwa ya mwisho chini kabisa, kavu. Eulalie hakuwahi kuruka hata jibini moja, hata siku aliyomzika mwanawe mkubwa. Na ni yeye aliyekunja pembe za kila kitambaa cha nyumba ile. Odile alimpenda bibi yule, na roho ilimuuma.

Angeweza kuipasua mwenyewe. Lakini akikosea, Anselme asingemsikiliza tena, na Aloïs angekufa. Alitaka mkono wa bibi useme.

Saa sita kasorobo aliomba mfungwa aletwe jikoni apewe chakula. Hapo, mbele ya wote, akaweka ile jibini kavu na kisu.

"Mkatie, mama."

Eulalie akaitazama. "Hiyo bado changa. Nitaleta nyingine."

"Huyu anakufa baada ya robo saa. Changa itamtosha."

"Mkatie tu, mama, yaishe," akasema Anselme.

Kisu kiligusa ganda, kikasimama hapo.

"Anakufa?" bibi akamgeukia mwanawe. "Si ulisema mnamfukuza?"

Anselme akaangalia viatu vyake. Eulalie akaweka kisu chini, akachokonoa kwa ukucha kizibo alichokuwa amekikata kwenye jibini na kutoa kitambaa cha nta. Ndani mlikuwa na fuwele mbili, nzima.

"Ndege zikija, Jumamosi utakwenda darajani," akasema. "Kaka yako nililetewa ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari. Uso sikuonyeshwa. Nikasema wewe nibaki nawe."

"Na huyu ana mama," Odile akasema taratibu. "Anamuuliza soksi."

Bibi akaketi, akalia. Anselme, mweupe kama chaki, alimwuliza Odile afanye nini sasa. Odile akamwonyesha Aloïs. Aliyekaribia kuuawa ndiye mwenye neno.

Aloïs akasugua mikono iliyofunguliwa. "Mimi niliahidiwa chakula."

Wakacheka, Anselme kwa nguvu kuliko wote, machozi yakimtoka. Eulalie akamkatia kipande kikubwa ajabu.

Saa saba kamili Aloïs alizungusha jenereta mdomo umejaa. Mikono ya Odile, iliyotulia tangu alfajiri, sasa ilitetemeka kwa faraja, hata London, waliojua anavyogonga herufi, wakauliza kama ni yeye kweli na kama yuko huru. Akawapa neno la siri, akathibitisha uwanja, kisha akaongeza kwamba amefurahi tu.

Chini ya ngazi, penye sindano za kufuma na uzi wa sufu, sauti ya bibi ikapanda.

"Aloïs, mguu wako saizi gani? Na umwambie Anselme anipe saizi yake. Jumamosi darajani kutakuwa na baridi."